Gesi ya Mwambani na Maji ya Kisima

(Mazungumzo yaliyotolewa katika semina ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia)





Mada niliyopewa na kamati ni gesi inayotolewa ndani ya mwamba kwa kuupasua kwa maji. Najua kuna mtu hapa anajiuliza, hayo si mambo ya Marekani, sisi yanatuhusu nini? Ni kweli, hapa Kenya gesi ya namna hiyo haichimbwi. Lakini kamati ilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza, wengi wetu tunaacha kuni polepole na kuingia kwenye mtungi wa gesi, na bei ya mtungi hufuata soko la dunia. Katika soko hilo Marekani ndiyo muuzaji mkubwa kuliko wote siku hizi, na mtaji wake ni mwamba huo huo. Ya pili, huku kwetu wameanza kupita watu wenye ramani wakiuliza shamba hili ni la nani. Mara wanataka mawe, mara mchanga, mara wanatafuta mafuta. Wakulima wa Marekani wamepata masomo juu ya watu wa namna hiyo, na wameyalipia karo kubwa. Sisi tunaweza kuyasoma bure, basi tuyasome.

Kwanza tuelewe kazi yenyewe. Mwamba ninaousema ni udongo wa kale sana ulioganda ukawa jiwe la matabaka membamba, kama kurasa za kitabu. Jina lake la Kiingereza ni sheli. Usichanganye na sheli ya petroli pale barabarani. Ndani yake mna gesi, lakini imefungiwa katika vitundu vidogo mno na haiwezi kutoka yenyewe. Ukichimba kisima cha kawaida humo ni kama kuweka mrija juu ya jiwe la kusagia na kuanza kunyonya.

Kwa hivyo wanafanya hivi. Wanachimba kwenda chini kilomita moja na nusu, mbili, hata zaidi. Wakiufikia mwamba wanakata kona, wanaendelea kwa ubavu kilomita nyingine mbili au tatu, chini ya mashamba ya watu. Shimoni wanateremsha mabomba ya chuma, na katikati ya bomba na ukuta wa shimo wanamimina simiti. Kumbukeni hiyo simiti, nitairudia. Halafu kule chini kabisa wanatoboa bomba kwa baruti ndogo na kusukuma maji kwa nguvu kubwa mpaka mwamba unapasuka nyufa. Maji hayo yana mchanga ndani yake. Mchanga unabaki kwenye nyufa na kuzizuia zisijifunge, kama vile tunavyoweka kijiti mlango usijifunge kwa upepo. Pia yana dawa za viwandani: za kuyafanya yateleze, za kuua vijidudu, za kuzuia kutu.

Kampuni zinapenda kusema kwamba maji na mchanga ni karibu asilimia 99, na dawa ni kidogo tu. Ni kweli. Lakini karani mzuri huuliza, asilimia ya nini? Kisima kimoja kule Pennsylvania huweza kutumia maji lita milioni 15 na zaidi. Hiyo ni mitungi 750,000 ya lita 20, kwa kisima kimoja. Hata dawa ikiwa nusu ya asilimia moja, ni lita 75,000, yaani mitungi 3,750 ya dawa. Sasa hebu mwambie mama anayepanga foleni pale kiosk cha maji kwamba hiyo ni kidogo.

Kupasua mwamba kwa njia hii si jambo la juzi. Jaribio la kwanza lilifanywa Kansas mwaka 1947. Lakini kuupasua mwamba wa sheli ukatoa gesi ya kuuzika kulimchosha kila mtu, mpaka kampuni ya mzee mmoja wa Texas, George Mitchell, ilipofaulu mwaka 1998 baada ya kujaribu kwa karibu miaka 20. Baba yake alikuwa mchunga mbuzi wa Ugiriki aliyehamia Marekani. Huyo Mitchell alitajirika sana, na kabla hajafa mwaka 2013 yeye mwenyewe aliungana na wale waliotaka kazi hii iwekewe sheria kali zaidi. Nawatajia hilo kwa sababu kuna watu wakisikia neno "sheria" wanadhani ni maneno ya maadui wa maendeleo.

Faida zipo, na ni kubwa. Sitaki mtu atoke hapa akisema nimekuja kuitukana gesi. Mwaka 2008 bei ya jumla ya gesi Marekani ilikuwa karibu dola 9 kwa kipimo chao. Mwaka 2012 ilishuka chini ya dola 3. Viwanda vilifaidi, na wazee waliokuwa wakihesabu senti ili kupasha nyumba joto wakati wa baridi walifaidi. Mitambo ya umeme iliacha makaa ya mawe ikaingia kwenye gesi. Mwaka 2005 karibu nusu ya umeme wa nchi ile ulitokana na makaa ya mawe. Kufikia 2023 haikufika hata sehemu moja kwa tano. Moshi wa makaa ya mawe ni mbaya kuliko wa gesi, kwa hivyo hewa ilipata nafuu. Na sisi tunaopulizia kuni tunajua moshi ni nini. Shirika la Afya Duniani lilikisia kwamba moshi wa majikoni uliua watu wapatao milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wengi wao kina mama na watoto. Mama akipata mtungi wa gesi, macho yake yanapona. Hilo si jambo dogo.

Nami naomba mlikumbuke hilo tunapoendelea, kwa sababu swali langu leo si kama gesi ni nzuri au mbaya. Swali ni hili: faida inaenda wapi, na hasara inabaki kwa nani? Bei ikishuka, inamshukia kila mtu hadi mjini. Lakini maji yakiharibika, ni ya yule aliye karibu na shimo.

Hapo ndipo tunaingia Dimock.

Dimock ni kijiji cha jimbo la Pennsylvania, katika kaunti inayoitwa Susquehanna. Msidhani ni mahali pa matajiri wa sinema. Ni nchi ya vilima, ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa na wachimba mawe, na kila nyumba ina kisima chake uani. Bomba la maji la serikali halikufika. Bei ya maziwa ilikuwa imewachosha. Katikati ya miaka ya 2000 wakaja mawakala wa kampuni, mlango kwa mlango, wanakaa mezani, wanakunywa kahawa. Kule kwao mwenye shamba huwa pia ndiye mwenye mali iliyo chini ya shamba, isipokuwa kama iliuzwa zamani. Kwa hivyo kampuni ni lazima ikodishe kutoka kwake. Wa kwanza walitia sahihi kwa dola 25 kwa eka. Miaka michache baadaye, habari zilipoenea, wakulima wengine wa jimbo lile lile walilipwa maelfu ya dola kwa eka. Tofauti yao haikuwa ardhi. Mmoja alitia sahihi peke yake jikoni kwake, na mwingine alisubiri, akakaa na majirani, wakaunda kikundi, wakajadiliana pamoja. Sina haja ya kuwaeleza nyinyi kikundi ni nini.

Kampuni iliyochimba Dimock iliitwa Cabot Oil & Gas. Gesi ilipatikana, tena nyingi sana. Kaunti ile ni kati ya zile zinazotoa gesi nyingi zaidi katika jimbo. Kuna wafugaji waliolipa madeni ya miaka, wakarekebisha mabanda, wakanunua trekta. Kampuni ilichangia ujenzi wa hospitali mpya pale mjini Montrose. Hayo ni ya kweli na ukienda huko utakuta watu wanaoishukuru kampuni mpaka leo.

Lakini tarehe 1 Januari 2009, siku ya mwaka mpya, kisima cha maji cha nyumba moja ya Dimock kililipuka. Si kisima cha gesi, ni cha maji ya kunywa. Mfuniko mzito wa zege ulipasuka ukarushwa. Kwa rehema za Mungu mwenye nyumba hakuwapo. Gesi ilikuwa imeingia majini na kujikusanya chini ya mfuniko. Maafisa wa mazingira wa jimbo walipochunguza, waliona kwamba gesi ilikuwa imeingia katika maji ya nyumba 18, na sababu waliyoitaja ni visima vya gesi ambavyo mabomba na simiti yake havikujengwa sawasawa. Niliwaambia muikumbuke simiti.

Hapa panahitaji umakini kidogo, kwa sababu watu wengi hulielewa jambo hili vibaya. Wanafikiri nyufa za kule chini, kilomita mbili, zilipanda hadi kwenye maji. Kwa kawaida sivyo. Kati yake pana mawe mengi. Ubaya hutokea juu, pale ambapo shimo la gesi linapitia katikati ya maji yetu likielekea chini. Simiti ikiwa na ufa, au ikimiminwa kwa haraka, gesi hupanda kando ya bomba kama moshi unavyopanda kando ya dohani, na maji yako ndiyo inayokutana nayo kwanza. Hatari iko kwenye kazi ya fundi, na kazi ya fundi haionekani ikishafukiwa. Nani kati yetu hajawahi kulipia zege la daraja kisha likabomoka mvua ya kwanza?

Kampuni ilikataa lawama. Na utetezi wake haukuwa wa kipuuzi: ilisema gesi imekuwa ikionekana katika visima vya eneo lile hata kabla ya uchimbaji. Hilo lina ukweli; kuna sehemu za Pennsylvania ambapo gesi huingia majini yenyewe tangu zamani. Sasa mjiulize. Una kisima. Leo kina gesi. Kampuni inasema, kilikuwa nayo tangu enzi za babu yako. Wewe unasema, hapana, maji yangu yalikuwa safi. Karatasi yako iko wapi? Wengi hawakuwa na karatasi. Walikuwa wamekunywa maji hayo maisha yao yote wala hawakuona sababu ya kuyapima. Nani hupima kitu kizuri?

Hapo walianza safari ndefu ambayo nawaomba makarani waiandike kwa miaka yake. Mwaka 2010 jimbo lilifanya mapatano na kampuni, na kuizuia kuchimba visima vipya katika eneo la maili za mraba tisa. Mwaka 2012 shirika la mazingira la serikali kuu lilipima maji ya nyumba zipatazo 60 na kusema halioni sababu ya kuchukua hatua zaidi. Mwaka huo huo familia nyingi zilipatana na kampuni kwa mapatano ya siri. Mwaka 2016 shirika lingine la serikali hiyo hiyo, la mambo ya afya, liliangalia vipimo vile vile likasema kwamba maji ya nyumba 27 yalikuwa na vitu vya kutosha kudhuru afya, na katika nyumba 17 gesi ilitosha kuleta hatari ya mlipuko. Serikali moja, maji yale yale, majibu mawili. Mwaka 2016 pia baraza la mahakama liliwapa familia mbili fidia ya zaidi ya dola milioni 4. Mwaka uliofuata jaji akaitengua hukumu hiyo, akisema ushahidi ulikuwa dhaifu, na mwisho wake wakapatana. Mwaka 2020 mkuu wa sheria wa jimbo aliishtaki kampuni kwa jinai. Ilipofika Novemba 2022 kampuni, ambayo wakati huo ilikuwa ikiitwa Coterra, haikupinga shtaka, ikakubali kutoa dola milioni 16.29 ili bomba la maji lijengwe na watu walipiwe maji kwa miaka 75. Tena ikaruhusiwa kurudi kuchimba gesi iliyo chini ya eneo lililokuwa limefungwa.

Kutoka mlipuko hadi ahadi ya bomba ni karibu miaka 14. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza alikuwa amekuwa mtu mzima, na muda huo wote kuna nyumba zilizokuwa zikiletewa maji kwa lori au zikinunua ya chupa.

Kuhusu yale mapatano ya siri nina neno langu. Siwalaumu waliotia sahihi; mtu mwenye watoto na maji machafu hawezi kusubiri miaka 14. Lakini siri ile iliwanyima majirani elimu. Kikundi kikipewa fidia kwa masharti ya kufunga mdomo, kijiji kinachofuata kitaanza upya gizani. Mkiona kipengele hicho kwenye karatasi, simameni na muulize kimewekwa kwa faida ya nani.

Jambo lililobadilika ni sheria ya ushahidi. Mwaka 2012 Pennsylvania ilipitisha sheria kwamba maji yakiharibika ndani ya futi 2,500 kutoka kisima cha gesi, yaani kama mita 760, katika miezi 12 baada ya uchimbaji, kampuni ndiyo inahesabiwa imekosa mpaka ithibitishe vinginevyo. Na inaweza kujitetea kwa kuonyesha kwamba maji yalikuwa mabaya tangu mwanzo, au kwamba mwenye kisima alikataa yapimwe. Matokeo yake? Kampuni zenyewe zinakimbia kupima maji ya watu kabla ya kuchimba. Mzigo wa ushahidi ukihama, miguu ya kukimbia nayo inahama.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake ya Laudato Si' ya mwaka 2015, aligusa jambo hilo hilo. Alifundisha kwamba pale ambapo kuna dalili za madhara makubwa yasiyorekebishika, anayetaka kufanya mradi ndiye aonyeshe kwamba hautadhuru, si maskini aonyeshe kwamba utadhuru. Na visima vimeleta ugomvi tangu Biblia. Someni Mwanzo sura ya 26, jinsi watumishi wa Isaka walivyochimba na wenyeji wakadai maji ni yao.

Sasa karatasi ya pesa. Sheria ya Pennsylvania ya mwaka 1979 inasema mwenye shamba asipate chini ya sehemu moja kwa nane ya gesi, yaani asilimia 12.5. Watu wakafurahi. Kisha hundi zikaanza kuja zikiwa ndogo, kwa sababu kampuni zilikata kwanza gharama za kusafisha na kusafirisha gesi kwa bomba. Wakaenda mahakamani, na mwaka 2010 mahakama kuu ya jimbo ikasema ni halali kukata. Chukueni mfano wangu wa shilingi. Gesi ikiuzwa shilingi 100, mkulima anatarajia 12.50. Kampuni ikitoa kwanza gharama ya shilingi 40, anapewa asilimia 12.5 ya 60, ambayo ni 7.50. Asilimia haikubadilika hata kidogo, lakini amepoteza shilingi tano. Kila mkisikia asilimia, ulizeni: kabla ya gharama au baada? Na kisima cha sheli hutoa gesi kwa pupa mwanzoni, kisha katika mwaka wa kwanza hushuka kwa zaidi ya nusu. Aliyekopa akitegemea hundi ya mwezi wa tatu alijuta mwezi wa ishirini.

Hatari nyingine nitazipitia haraka. Maji yanayorudi juu yana chumvi kali kuliko ya bahari na hata madini yenye mnururisho kutoka mwambani. Hapo mwanzo Pennsylvania iliyapitisha kwenye mitambo ya maji taka na kuyamwaga mitoni, mpaka mwaka 2011 jimbo likataka hilo likome. Kule Oklahoma waliyasukuma tena chini ya ardhi kwa wingi, na ardhi ikaanza kutetemeka. Mwaka 2016 kulikuwa na tetemeko la kipimo cha 5.8 karibu na mji wa Pawnee. Malori: kisima kimoja kinaweza kuhitaji zaidi ya safari elfu moja, na barabara ya kijiji ni ile ile. Vumbi la mchanga huharibu mapafu ya wafanyakazi, na vijana wetu wa machimbo ya mawe walisikie hilo kwa masikio yote mawili. Mwisho, gesi hii ikivuja hewani kabla ya kuchomwa, katika miaka 20 inaongeza joto la dunia zaidi ya mara 80 kuliko uzito uo huo wa hewa ya ukaa. Bomba likivuja sana, ile faida ya kuacha makaa ya mawe inaliwa yote njiani. Kwa sababu kama hizo Ufaransa iliipiga marufuku kazi hii mwaka 2011, na jimbo la New York, ambalo ni jirani wa Dimock kabisa, likaikataa mwaka 2014.

Afrika nayo imeguswa. Karoo, Afrika Kusini, ni nchi kavu ya wafuga kondoo wanaotegemea visima, ukiiona utafikiri uko Kajiado. Kampuni ya Shell na nyingine ziliomba vibali huko. Wenyeji na wakulima wakapiga kelele, serikali ikasimamisha maombi mwaka 2011, ikaondoa zuio mwaka 2012, kisha makisio ya gesi iliyoko yakashushwa sana. Kelele zile ziliwapa muda wa utafiti, na utafiti ukapunguza ndoto.

Turudi nyumbani. Kwetu mambo ni tofauti na Marekani katika jambo moja kubwa. Kwa Katiba ya 2010, kifungu cha 62, madini na mafuta yaliyo chini ya shamba lako si yako; serikali ya taifa inayashika kwa niaba ya wananchi. Kwa hivyo wakala akija kukwambia anakununulia mafuta yako, huyo tayari amekudanganya. Unachoweza kujadili ni ardhi ya juu, fidia, na maji. Mafuta yalipatikana Turkana mwaka 2012, na shehena ya kwanza ikapakiwa melini Mombasa mwaka 2019. Kabla ya hapo, mwaka 2018, wananchi waliyazuia malori wakidai usalama na fungu lao. Sheria ya Petroli ya 2019 ilisema fungu la serikali katika faida ligawanywe: asilimia 75 kwa taifa, 20 kwa kaunti, 5 kwa jamii ya mahali. Karani aliyekuwa macho ameshainua mkono: ni asilimia 5 ya faida, baada ya gharama. Na gharama zinahesabiwa na nani, na nani anazikagua? Hilo ndilo swali la kumuuliza mbunge, si rangi ya fulana.

Walio kwenye ardhi ya jamii wana silaha ambayo wengi hawaijui. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema mapatano na mwekezaji hayana nguvu mpaka yapitishwe na theluthi mbili ya watu wazima, katika mkutano ambao angalau theluthi mbili yao wamehudhuria. Wazee watatu na chifu chini ya mti hawatoshi. Watu wazima ni pamoja na kina mama, kwa sababu ndio wanaoteka maji. Katiba pia, kifungu cha 35, inawapa haki ya kudai habari, na cha 42 haki ya mazingira safi. Ripoti ya mazingira ya mradi ikifika NEMA, mna haki ya kuiona na kutoa maoni. Isomeni mkiwa na mtu anayeielewa. Mwalimu wa sayansi wa sekondari anatosha kuanzia.

Sasa makarani, kalamu. Kila kikundi chenye kisima, hata kama hakuna mgeni yeyote aliyekuja, kifungue daftari moja la maji. Kila mwezi siku ile ile andikeni: tarehe, kina cha maji kwa kamba yenye jiwe, dakika ngapi pampu inajaza mtungi wa lita 20, rangi, harufu, na kama kuna mapovu. Watu wawili watie sahihi, mmoja asiwe wa kamati. Tena mara moja kwa mwaka, na mara nyingine kabla mtu yeyote hajaanza kuchimba chochote karibu nanyi, pelekeni maji maabara. Chupa ombeni huko huko maabara, msitumie ya soda. Yale ya kupima vijidudu yakae baridi na yafike siku hiyo hiyo. Kama ni gesi mnataka kupima, semeni mapema, kwa maana ina chupa yake na utaratibu wake. Risiti na matokeo toeni nakala tatu: ya kikundi, ya parokia, na ya mtu mmoja anayeishi mbali na kijiji. Anayewaletea mkataba mwambieni aache nakala, arudi baada ya mwezi. Akisema ofa inaisha Ijumaa, basi na iishe Ijumaa.

Kamba ya kupimia iko kwa mweka hazina. Ina fundo kila mita moja. Vikundi vya mtoni waichukue kwanza, wairudishe Jumanne ili wa mlimani wapate.